Hamsini kwa Sekunde

Jumatatu, 3 Machi

Lenzi nimefuta, betri nne nimechaji. Chai bila sukari. Iliisha juzi na nimesahau tena kununua. Leo tumemaliza tukio la mazishi, ufukweni Dunga, kando ya ziwa. Mzee Ogola, mwigizaji wetu mkuu, amelala jenezani saa mbili nzima akilalamikia mgongo. Maiti mwenye maneno mengi. Hii ni tamthilia yangu ya kwanza. Kwa miaka minane nimekuwa nikipiga video za matanga kila Jumamosi, kwa hiyo mazishi nayajua kuliko jiko langu. Bwana Wanjala, mwongozaji, amesema kila kitu kimekaa kama kweli. Nimevimba kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mmoja wetu alituma kipande cha nusu dakika cha mazishi yetu kwa simu, kujionyesha tu. Kufika adhuhuri kilikuwa kijijini Kombewa, kwa mama yake Ogola. Jeneza wazi, uso wa mwanawe, watu wanapita kumtazama. Mama akaanguka. Majirani wakapiga nduru, vijana wakaanza kusimamisha hema. Ogola mwenyewe alikuwa mjini, mtaa wa Kaloleni, anakula samaki. Alipigiwa simu ya rambirambi ya kifo chake.

Mama amelazwa. Presha. Naona aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda hospitali na Ogola. Mama alimshika mkono, akaushika muda mrefu, kisha akageukia ukuta. Nje Ogola ametoa sharti: mama yake alitazame tukio hilo kwa macho yake mwenyewe na alikubali, au yeye anaacha kazi. Bila mazishi hakuna tamthilia. Hadithi yote inaanzia kaburini.

Halafu akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio umeniumiza. "Mimi nimekufa mara mbili kwa steji, na mama akapiga makofi. Hii yako imemwangusha. Adhiambo, ulifanya nini na hiyo kamera?"

Swali hilo nimelala nalo, nimeamka nalo.

Jumamosi, 8 Machi

Sina matanga leo. Nimeweka kipande chetu kando ya video ya mazishi niliyopiga Awasi mwezi jana. Ni ndugu wa tumbo moja. Kila kitu kinateleza, kila kidole kinaonekana. Nikatazama tamthilia moja ya televisheni. Kuna kitu tofauti, sikijui jina. Rangi? Nikazipunguza zangu. Bado matanga. Mwanga? Nikatia giza. Matanga ya jioni. Nimekasirika, nikaenda kulala saa nane mchana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeelekezwa kwa Mama Zainabu, Kaloleni. Sasa anashona mabuibui, lakini zamani alikuwa mkataji, yaani mhariri, wa filamu za televisheni, Nairobi, kabla video haijaja. Hana subira na watu. Alitoa kipande cha filamu kwenye kopo la biskuti, akakiinua dirishani. Picha ndogondogo zimepangana. Palipo na mkono unaosogea pana ukungu kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

"Filamu yetu ilikuwa picha ishirini na tano kwa sekunde," akasema. "Video ikakuja na hamsini, kila moja nusu ya picha. Macho ya watu ikazoea. Hamsini ni habari, ni mpira, ni harusi. Ishirini na tano ni hadithi. Wewe umeweka ngapi?"

Hamsini. Miaka minane, hamsini. Sijawahi kuigusa namba hiyo.

Akaniongezea kwamba kamera za siku hizi hazitaifikia filamu hadi kiama. Nadhani anatia chumvi. Lakini kwenye kipande kile kulikuwa na mtu mwenye shati jeupe juani, na mikunjo ya shati yote ilionekana. Mashati meupe kwenye video zangu huwa karatasi tupu. Nimemwomba nikitazame tena. Akaniachia hadi chai ikapoa.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudia tukio. Ogola amekubali kulala tena, kwa kununa. Ishirini na tano safari hii. Tumepiga asubuhi, jua likiwa bado pole, na mashati meupe tumeyabadilisha. Mjane alipotupa udongo, mkono wake uliacha ukungu hewani, kama kwenye kile kipande. Nimesisimka peke yangu nyuma ya kamera. Udongo ni ule ule, watu ni wale wale. Nimepunguza picha nusu, na sasa naona hadithi. Jicho linajaza lenyewe palipokosekana? Nataka sana kujua.

Ijumaa, 14 Machi

Kombewa. Mama yake Ogola ametoka hospitali. Ana televisheni kubwa, mpya, zawadi ya binti yake. Nikachomeka flashi yenye tukio jipya, kwa kujiamini.

Matanga yale yale! Yanateleza kabisa. Mama akajifunika uso kwa leso. Ogola akazima na kumsindikiza chumbani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikabaki sebuleni na rimoti. Kumbe televisheni yenyewe inatengeneza picha za katikati na kuzichomeka, ili mpira uonekane vizuri. Ndivyo ilivyotoka dukani. Nimeuzima huo ujanja. Mazishi yakawa hadithi tena mbele ya viti vitupu. Mama alikuwa ameshalala. Ogola amesema nijaribu kesho, mara moja tu.

Jumamosi, 15 Machi

Ametazama hadi mwisho. Hakujifunika. Ogola alikaa kando yake akimenya karanga na kumwekea kiganjani. Udongo ulipotupwa, mama alilia kidogo, akajifuta, akaendelea kutafuna.

Ilipoisha akauliza, "Huyu mtu, mama yake ako wapi? Mbona hawakumngojea?"

Ogola aliacha karanga. Nikamwambia mama kwamba mtu yule hatukumwandikia mama.

Akasema tumwandikie. Mazishi yabaki, lakini mama afike kwanza, aketi karibu na kichwa cha mwanawe, ndipo wafunike jeneza. Nimempigia Bwana Wanjala. Hakubisha.

Nimerudi mjini peke yangu. Ogola amebaki kwa mama yake.