Uhakiki Ambao Hukuuandika, Mwalimu

Mwalimu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Ungeniuliza nimelelewa wapi.

Leo ni Jumamosi, alasiri imeshaingia. Nimekaa uani kwetu Ganda na kalamu ya wino, maana mimi na taipureta hatusemezani wiki hii. Nakuandikia kwa kinyaa. Ningependa kusema kwa huzuni, na huzuni ipo, lakini kinyaa kimetangulia kikakaa mbele, na wewe ndiwe uliyenifundisha nisiandike ninachopaswa kuhisi nikaacha ninachohisi.

Kwanza habari za jarida letu. Sinia bado linatoka kila mwezi, tena limenenepa: kurasa nane badala ya nne. Ukurasa wa kwanza ni pongezi kwa mkubwa fulani aliyepandishwa cheo. Wa pili ni sifa za hoteli wanakolala Wataliani, ambayo hakuna msomaji wetu hata mmoja aliyewahi kupita getini mwake. Vitabu huanzia ukurasa wa sita, vimejibanza huko nyuma kama wageni wasioalikwa. Mhariri ni Bwana Twaha, mwajiri wangu. Hata matanga yako hayajaanuliwa alikwishajiita mhariri. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa ofisi ya kupiga chapa ni yake na mashine ya kurudufu tuliyokuwa tukiazimwa ni yake. Mimi nami nilinyamaza, ndiye anilipaye mshahara.

Jumapili tungali tunakutana kusikiliza kipindi cha hadithi, ila si kwako tena, ni ofisini kwake. Redio yake ni kubwa, ina kaseti mbili. Hadithi ikisha tunaletewa halua. Halua tupu, Mwalimu. Kahawa ameiondoa, asema inawakwaza wageni.

Nakumbuka kwako. Redio ikizimwa, hakuna aliyefungua mdomo mpaka kikombe cha kahawa chungu kimezunguka, na kila aliyekunywa alitakiwa aseme kitu alichokichukia katika hadithi ile. Halua ilikaa chini ya kawa hadi wa mwisho amalize. Ndipo sifa zikaruhusiwa. "Kwanza uchungu, mwanangu," ulikuwa ukiniambia, "utamu wajileta wenyewe." Jumapili yangu ya kwanza sikuijua ada hiyo, nikaisifu hadithi hadi jasho likanitoka. Ulinisikiliza kwa utulivu kabisa, kisha ukaniuliza, "Kadzo, sifa zote hizo, wataka kuolewa na mtunzi?" Watu wakacheka, nikataka ardhi ipasuke. Leo ningekupa chochote unicheke vile tena.

Na jarida lilifuata ada hiyohiyo: Kahawa juu, Halua chini. Katika Kahawa yako hukuacha hata mara moja kutaja ukurasa uliokutia usingizi. Huku Ganda, wasio na redio, au wenye redio ambayo betri zake zimegoma hata baada ya kuanikwa juani, walingojea Sinia ndipo wajue hadithi ya redioni imefika wapi. Lakini kabla ya hadithi waliutafuta ule ukurasa wako wa usingizi. Wakiupata wanacheka, kisha wanasoma mengine.

Sasa nifike penye uchafu.

Unakikumbuka kitabu cha Bwana Twaha, kile kinene alichokichapisha mwenyewe. Ulikisoma ukiwa kitandani, umeegemezwa mito mitatu. Ile Alhamisi ukanipa uhakiki wako kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Mkono wako ulikuwa ukitetemeka, lakini akili haikutetemeka hata kidogo. Uliandika: "Nimelala ukurasa wa tisa. Nikaamka, nikalala tena ukurasa wa kumi. Shujaa huyu hajakosea tangu azaliwe. Mtu wa namna hiyo simjui, wala nisingependa kukaa naye barazani." Na chini, kwenye Halua, ukaandika kwamba kurasa mbili za mama wa shujaa akikuna nazi huku akimficha mwanawe kuwa hakuna cha kupika zaidi ya tui ni za kweli kabisa, na kwamba mtu aliyeweza kuandika kurasa hizo mbili anaweza kuandika kitabu kizima, akiacha kujipenda. Nilisoma hapo nikiwa nimesimama kando yako. Sijaona ukimsifu mtu namna ile.

Ijumaa nikaukatia stensili, ile karatasi ya nta ya mashine ya kurudufu, kama kawaida. Jumamosi alfajiri ukatutoka.

Kosa nililolifanya baada ya hapo ni la adabu, na mtu wa kwingine asingelifanya. Wewe uliweka desturi: kitabu kikiwa cha mwenzetu, aonyeshwe uhakiki kabla haujarudufiwa. Hakuwa akiombwa ruhusa. Ilikuwa kumwondolea haya ya kushtukizwa mbele za watu. Nami, siku ya nne ya msiba wako, nikaona nikiacha desturi yako nimekudharau. Nikampelekea ile karatasi yenye mwandiko wako mwenyewe, kwa mikono miwili.

Aliisoma akiwa wima. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Marehemu alikuwa na homa," akasema. "Kaa, piga haya."

Nikakaa. Nikapiga.

Alitamka polepole ili nisikose neno. Kwamba kitabu kile kilikutoa machozi ya furaha. Kwamba kilikushika hata ukasahau kumeza dawa. Alisema hivyo, Mwalimu, kusahau dawa, na yeye alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lako. Kwamba shujaa wake ni kioo cha vijana wa pwani. Akamalizia kwa jina lako kamili, na chini yake, "Ameandika akiwa kitandani mwa mauti." Kahawa hapana. Zile kurasa mbili za yule mama hakuzitaja kabisa. Sifa moja ya kweli aliyowahi kupewa aliikunja akaitia mfukoni, akajivika kilemba cha ukoka kwa mkono wako.

Na mimi je? Nilikosea herufi moja tu katika kupiga. Nikapaka ile dawa nyekundu ya kusahihisha stensili, nikaipuliza ikauke, nikaendelea. Hebu nitazame: nilisahihisha herufi. Kila nikikumbuka pumzi yangu ikiikausha ile dawa, chakula hakipiti.

Jarida likatoka siku ya arobaini yako. Watu walikuja ofisini kumpa hongera, na baadhi yao walikuwa wasomaji wako wa miaka mingi. Najua walijua. Wamekunywa kahawa yako, wanaifahamu sauti yako hata gizani. Lakini kila mmoja alikuwa na kipande cha halua mdomoni, na mdomo uliojaa haubishi. Niliwatazama wakitafuna, wakijifuta mafuta vidoleni kwa kurasa za Sinia. Siwasemi kwa ubora wangu. Wao walitafuna tu. Mimi ndiye niliyepika.

Aliyenitoa usingizini ni Mama Dama. Unamjua, jirani yetu hapa Ganda, mwenye mtoto wa jicho. Mimi humsomea Sinia kila mwezi, neno kwa neno, naye husikiliza huku anachambua kunde. Nilimsomea uhakiki ule kwa sauti kavu. Nilipofika mwisho akauliza, "Alilala ukurasa wa ngapi?"

Nikasema haikuandikwa.

Akaacha kunde. Akafikiri. Kisha akasema, "Basi aliyeandika hapa alikuwa macho muda wote. Huyo si Mwalimu." Akaendelea kuchambua, na hakuniuliza kitu kingine. Afadhali angeniuliza. Nilikwenda nyumbani na uongo wangu kichwani, nami nimekuwa nao wiki tatu.

Lakini Bwana Twaha, pamoja na ujanja wake wote, hajui kazi ya ofisi yake mwenyewe. Alichukua karatasi akadhani amechukua maneno. Hakuuliza kama stensili ilikwishakatwa. Ilikuwa chini ya godoro langu, imelazwa kati ya magazeti, haijaguswa na wino.

Jana alipokwenda sala ya Ijumaa nikabaki peke yangu ofisini. Nikaitoa, nikaifunga kwenye mashine. Nakala zikatoka moja moja: ukurasa wa tisa, ukurasa wa kumi, mama anayekuna nazi. Nilizitoa za kutosha kila msomaji. Halafu nikakata stensili ya pili, fupi, mistari sita, na hiyo ni Kahawa yangu juu yangu mwenyewe. Nimesema kwamba uhakiki uliotoka siku ya arobaini hukuuandika wewe, kwamba aliyeutamka ni mwenye kitabu, na aliyeupiga chapa ni mimi, Kadzo, nikiwa na akili timamu. Aliporudi kutoka msikitini alinikuta nafuta wino kwenye roli ya mashine. Akaniuliza habari za barua ya mteja mmoja, nikamjibu iko tayari. Uso wake sikuweza kuutazama, si kwa hofu. Nilikiona kile kilemba cha ukoka kichwani mwake.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Dama kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikamsomea uhakiki wako kwanza. Penye ukurasa wa kumi alicheka hadi akashika ubavu. Penye kurasa za yule mama akasema, "Hapo amempenda." Ni kweli, Mwalimu, ulimpenda Bwana Twaha pale, na ndiyo maana nilishindwa kulala na jambo hili. Alikuibia jina, lakini alijiibia na yeye.

Kisha nikamsomea mistari yangu sita. Hakucheka. Alinigeuzia yale macho yake meupe akaniuliza, "Wewe ndiwe uliyeupiga chapa?"

Nikasema ndimi.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Machozi yakaja, naye hakuninyamazisha wala hakunishika bega. Alingoja nimalize. Kisha akasema nimsomee tena uhakiki wako tangu mwanzo, nikajua hajaniondoa kwake.

Kesho ni Jumapili. Ofisini kwa Bwana Twaha watakuwa wamejaa, redio itazimwa, na sinia la halua litaanza kuzunguka. Hapo nitazigawa nakala zile, na kazi nitaipoteza kabla ya magharibi. Nimeshamwambia mama, amekasirika, kisha akaniuliza nitavaa nini. Sijui Sinia litachapwa wapi baada ya hapo. Huenda tukaandika kwa mkono, nakala moja tu, ipite nyumba kwa nyumba.

Mungu akulaze pema, Mwalimu wangu. Nakuaga kwa mapenzi na kwa aibu, vyote viwili, sina namna ya kuvitenganisha. Nakuahidi hili: kesho sitaanza na Bwana Twaha, ingawa ulimi unaniwasha. Nitasimama, na jina la kwanza nitakalolitaja ni langu.

Wako,
Kadzo