Jezi Nyekundu Ndani ya Pipa

São Filipe, Fogo
4 Februari 2001

Mwanangu Nildo,

Mungu akubariki. Sisi hatujambo, ila goti langu limegoma kupanda ngazi. Baridi ya huko Lisbon imepungua? Unakula?

Redio imesema Wareno wanakutaka kwenye timu yao ya vijana. Ni kweli? Unajua ukiwachezea mechi moja tu, ndiyo basi; timu yetu ya taifa hutaichezea tena. Edson wa jirani yetu Benvinda alikwenda hivyo hivyo, akaja na Wareno kutufunga hapa hapa nyumbani, Praia, na mama yake hakujua ashangilie au alie. Sitaki yanikute. Lakini miguu ni yako. Niambie mapema tu, nisiyasikie redioni.

Mama yako,
Zulmira

São Filipe
22 Machi 2001

Nildo,

Mungu akubariki. Hilo sikunyimi hata nikiwa na hasira.

Barua hujajibu, limekuja pipa ulilotutumia. Nimelifungua uani kama ilivyo ada, mtaa mzima umekaa unangoja zawadi zake. Juu kabisa, kabla ya mchele na sabuni, jezi nyekundu! Rangi ya Wareno! Benvinda akanishika bega: "Karibu kwenye chama changu, shoga." Kocha wako wa kwanza, mzee Tchitcho, akavaa kofia akaondoka bila kuaga. Kachupa niliyowapikia, mahindi yetu na maharage, imelala sufuriani.

Ndivyo unavyomwambia mama yako? Nimeumia, mwanangu.

Mama

Lisbon
15 Aprili 2001

Mama,

Naomba baraka zako. Mimi mzima, ila barua yako imenikata hamu ya kula. Goti linaendeleaje?

Mama jamani! Zile ni jezi kuukuu za klabu yetu. Nusu ya vilabu vya huku vinavaa nyekundu! Zilikuwa zinatupwa, nikafungia sahani nilizokununulia zisivunjike. Hata hamkuzifungua?

Wareno waliniita kweli. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa bado sijaamua, na kukudanganya sikutaka. Nikaenda kambini kwao wiki nzima. Viwanja kama mazulia, Mama. Mwishowe kocha akaniuliza, "Jumamosi unacheza?" Mdomo ulitaka kusema ndiyo, sikufichi. Nikajiona nimefunga goli Praia, uwanja mzima umenyamaza, nawe umo. Nikamwambia hapana. Akasema nitajuta. Huenda. Ila tangu siku hiyo napata usingizi.

Kocha wetu wa taifa nimempigia mwenyewe. Akalia.

Mwanao,
Nildo

Praia, nje ya hoteli yenu
2 Juni 2001

Mwanangu,

Mungu akubariki, akubariki tena. Mimi nimetapika melini toka Fogo mpaka hapa, Benvinda ndiye aliyenishikia ndoo. Sahani zote nzima. Mzee Tchitcho amekuja kuomba radhi, akala kachupa mara mbili.

Mlinzi anasema wachezaji hawaonani na wageni mpaka mechi iishe. Nimemwambia mimi si mgeni, nimemzaa. Kakataa. Karatasi hii anakuletea mpishi, ni mtu wa kwetu.

Nimeshusha pumzi, Nildo. Sikujua mzigo ulivyokuwa mzito mpaka nilipoutua.

Tuko kwenye uzio, upande wa jikoni. Toka upesi. Benvinda, kwa kuwa Edson wake yuko kwa Wareno, anaomba na yeye akukumbatie. Akikushika, usimharakishe.

Mama yako