Za Asubuhi Zangu, za Jioni za Nabwile

Mshauri Roselyne, naomba unisaidie kabla ya tarehe kumi na nne, maana siku hiyo napasuliwa mguu Kitale na kuna jambo nimemficha daktari. Nina sukari mwaka wa sita, na mwaka jana nilianguka nikishuka kwa trela ya mahindi hapa Endebess, mfupa wa mguu ukaungana vibaya, sasa wanataka kuuvunja wauunge upya kwa vyuma, lakini daktari anasema sukari ikiwa juu mfupa utachelewa kushika na kidonda kinaweza kukataa kufunga, na yangu haishuki. Aliniuliza kama nameza dawa zote, nikasema ndiyo, akaniandikia za nguvu zaidi. Ukweli ni kwamba nameza za asubuhi tu. Za jioni nampelekea dada yangu Nabwile kule Bumula, ndani ya kopo la majani chai, kwa sababu naye alikutwa na sukari, akaenda zahanati mara mbili akaambiwa dawa zimeisha, akachoka, na huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokufa. Kila nikimpa ananiuliza, "Na wewe Jentrix, si umekunywa?" Namwambia nilishakunywa nyumbani. Nikisema ukweli, Nabwile atazikataa. Nifanye nini?

Jentrix, Endebess

Dada Jentrix, pole sana. Ungekuwa karibu ningekukumbatia kwanza, halafu nikukaripie. Dawa si ugali wa kukatiana. Daktari anamtibu mwanamke anayemeza zote, na huyo si wewe. Hizo za nguvu ukianza kuzimeza zote ghafla, sukari inaweza kushuka ukazimia. Na Nabwile je? Nani amempima tangu siku ile alipokutwa na sukari, akajua kama dawa zako zinamfaa?

Usingoje tarehe kumi na nne. Piga simu kliniki leo, useme ulikuwa unameza nusu, na umeze vile watakavyokuelekeza. Daktari akigomba, agombe. Akiahirisha upasuaji, kubali, maana mguu huo ndio unaokupeleka Bumula.

Kisha mwambie Nabwile. Atalia, na pengine atakasirika. Mwache alie, halafu atafutiwe mtu wa kumpeleka hospitali Bungoma apimwe, aandikiwe dawa kwa jina lake. Kopo mpelekee likiwa na majani chai tu. Na siku atakapokuuliza tena kama umekunywa, umjibu ndiyo, na iwe kweli.