Mama Kasoki Valérie, gunia la wanafunzi bado liko mlangoni

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipokuwa ukimimina chai kama kawaida yako, ukafika kwenye kikombe cha Dancille, ukaiweka termos chini polepole na kusema, "Kichwa changu." Chai yake haikujaa. Jioni ulikuwa umetuacha.

Bado tunakutafuta. Tukisikia sandali zikiburuta uani, tunageuka. Kitenge chako cha maua ya njano kingali kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna anayethubutu kukiondoa, maana kina harufu yako, ya sabuni na maharagi mapya.

Hapa Mabanga kila mtu aliijua kazi yako. Maharagi yakifika kutoka Butembo, kopo la kwanza la kila gunia hukuliuza. Ulilimwaga katika gunia lililosimama mlangoni, gunia la wanafunzi. Likijaa liliuzwa, na kwa fedha hiyo wewe na wamama wa shirika letu la parokia mliwalipia vijana Batwa, watu wa msituni wanaobaguliwa hapa kwetu, masomo ya udaktari na uuguzi. Mama Namegabe, mteja wako, alizoea kukuchokoza: "Mama Kasoki, ile gunia inakula kuliko batoto yako!" Nawe ukamjibu bila kuinua macho: "Acha ikule. Siku moja itakupima tension ya damu."

Ulitusimulia mara moja tu wazo hilo lilikotoka. Ulikuwa umempeleka Benny, kifungua mimba wako, kwenye kituo cha afya upande wa Munigi, akiwa bado mdogo. Ukamkuta mama Mutwa mwenye uchungu wa kuzaa amekalishwa nje, mvua inanyesha, ameambiwa angoje wengine waishe. Ulimfunika kwa kitenge chako. Ukasema, "Siku mumoja wao atavaa blouse nyeupe ya daktari mule ndani, hakuna atakayengoja inje."

Ndipo Dancille, binti Mutwa, akaja kukaa kwetu ili asome udaktari. Papa hakukataa. Lakini alikuwa amelelewa akiambiwa kwamba mtu hanywi kwa chombo kimoja na Batwa, na hilo halikumtoka. Alijinunulia kikombe cha bati cha bluu, akawa anakiosha mwenyewe. Hukugombana naye. Kila asubuhi ulimimina kwanza chai ya Dancille, ukanywa funda moja mbele ya Papa, kisha ukampa.

Ulipoondoka tulidhani kila kitu kimeondoka nawe. Barabara ya Butembo ikawa ngumu, maharagi hayakufika, gunia likalala tupu. Halafu asubuhi moja tulimkuta Papa ameinama mlangoni, analijaza.  Lakini Dancille hakujua Papa anamaanisha nini. Juma hili, mwaka wa mwisho wa masomo ukimngoja, alifunga begi lake.

"Mama ndiye alinileta," alisema. "Sasa niko hapa kama nani?"

Jana tuliketi kuandika maneno haya. Kahindo, kitinda mimba wako, aliyaandika na kutusomea kwa ile sauti yake ndogo uliyokuwa ukiitania. Alipofika kwenye majina ya wanaokukumbuka akasimama.

"Papa, Dancille nimuweke wapi?"

Dancille alikuwa mlangoni, kando ya gunia, begi mkononi. Papa alikohoa. Akakitazama kikombe chake cha bluu.

"Muweke na batoto," alisema. "Nyuma ya Benny, mbele yako. Ni mutoto yangu. Nilipaswa kuisema mama yenu akiwa angali hapa."

Kisha akamgeukia. "Dancille, weka ile begi chini, mama. Utuletee chai. Mimi unipe mu kikombe yoyote."

Tunaokukumbuka: mume wako, Papa Kamate Josias, watoto wako, Benny, Dancille na Kahindo, dada yako Charline wa Vitshumbi, na wamama wote wa shirika.

Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka, Mama.