Ukuta Tuliojenga kwa Hasira

Mpendwa mama,

Mawingu yameziba upande wote wa Kangundo, na hapa Dandora moshi wa jalala umelala chini, hauondoki. Nakuandikia kwa sababu mvua hii ikinyesha kuna kitu kitaanguka, na ni sisi wanao wawili tuliokijenga.

Unakumbuka ile siku ya Meza ya Bwana kule nyumbani? Mkate ulikuwa tayari. Ukainuka, ukamshika mkono mama Mwende, ambaye mlikuwa hamsalimiani tangu mbuzi wake ale maharagwe yako. Mzee wa kanisa akakunong'oneza uketi. Ukamjibu, "Mwambie mchungaji angoje. Yesu mwenyewe hana haraka." Mkatoka nje. Kwanza mligombana, mama, tena kwa sauti, mpaka mimi na Kioko tukacheka. Mliporudi macho yenu yalikuwa mekundu, na ukatufinya wote wawili.

Siku tuliyokuzika, nilimwambia Kioko mbele ya watu kwamba pombe ndiyo iliyomchelewesha kufika. Akasema, "Kuanzia leo huna ndugu." Tuliporudi kwenye hii ploti yetu ya pamoja, tukagawa ua kwa ukuta. Mimi, ninayewachimbia watu msingi kila siku kwenye mijengo, nilipanga mawe juu ya udongo mtupu. Mchanga mwingi, simiti kidogo. Yeye alinipitishia mawe bila kunitazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tuchimbe kwanza.

Sasa maji ya bomba yanapita upande wangu, na yamekula chini. Ukuta unalalia kwake. Kwake ameupiga plasta, haoni kitu, na ameegemeza hapo mabati ya jiko. Watoto wake huota moto hapo wakingoja chakula. Yule mdogo ana jina lako. Namsikia akiimba.

Leo kanisani mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno na mwenzake. Nikatazama viatu vyangu. Kisha ni kama nilikusikia ukipita kati ya mabenchi. Nikatoka kabla mkate haujanifikia.

Nilimkuta Kioko mlangoni akinyoa ndevu.

"Watoe watoto jikoni," nikamwambia. "Ukuta unaanguka."

"Aa, bwana fundi! Umekuja kunitisha nihame?"

"Nilikukosea siku ya mazishi, Kioko. Lakini huo ukuta..."

"Umeanza na ukuta, unamaliza na ukuta. Mimi umeniweka katikati kama kokoto." Akafuta wembe kwenye suruali. "Uguse uone."

Akafunga mlango.

Alisema kweli, mama. Wewe ulitoka nje na mama Mwende mkono kwa mkono, ukakubali kugombezwa hadi mwisho. Mimi nilienda kumaliza haraka.

Matone yameanza kugonga bati, na mtoto bado anaimba jikoni. Nimechoka, mgongo unauma, lakini naweka kalamu nichukue patasi. Nitaanza na jiwe la juu, nilivutie upande wangu. Kioko akitoka na panga, hatanisikia nikitaja ukuta. Nitamwita kwa lile jina ulilomwita akiwa mgongoni mwako, nisimame hapo hapo, aseme yote.

Utuombee kama kule uliko watu huombea.

Ni mimi, kifungua mimba wako.