Goti Langu na Kiti cha Mizani

Alhamisi, 3 Aprili 2025

Nimepata barua! Nusu ukurasa, mihuri miwili. "Kwa maslahi mapana ya chama", mimi Milembe, karani wa mizani misimu minne, nahamishiwa stoo ya magunia kuanzia leo. Stoo! Mtu mwenye chuma kwenye goti, goti ambalo halijakunjika tangu ile pikipiki iniburuze barabara ya Lamadi, ndiye apande juu ya rundo la magunia kuyakagua. Hongera, chama cha pamba. Akili zimewazidi mpaka zinamwagika.

Sababu haimo kwenye barua. Naijua. Jumatatu mwenyekiti wetu, mzee Bundala, aliingia ofisini na wageni watatu. Nilikuwa nimesimama kwenye mizani. Nikainamisha kichwa, nikampa mkono wa kulia huku nimeushika kwa wa kushoto, nikamwamkia kwa Kisukuma, mwadila, baba. Hakuitikia. Akabaki amesimama, anasubiri. Huku kwetu mwanamke anamwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, sihitaji kufundishwa, nilipiga magoti tangu sijaota meno ya pili. Lakini goti langu analijua! Alikuja kuniona hospitali na kilo moja ya sukari. Wageni wakatazama sakafu. Yeye akasema taratibu, kila mtu asikie: mguu mgonjwa ni mmoja, huo mwingine unaumwa nini?

Katibu wetu, Danford, akacheka. Danford hucheka mwenyekiti akicheka na hukohoa mwenyekiti akikohoa.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwuliza Danford ana kwa ana. Ati si ubaguzi, ni customer care. Ati wazee wamelalamika. Wazee gani? Hakuwataja. Ati karani anawatazama usoni kama trafiki.

Nikamwambia: katibu, nikipiga goti la kushoto, la kulia litanyooka mbele. Mzee ataona nataka kumpiga ngwara.

Hakucheka. Mwenyekiti hakuwepo.

Kiti changu kapewa Debora, binti wa miaka ishirini na mbili. Ana magoti mawili mazima na anayatumia mpaka kwa dereva wa trekta. Mizani hajui kuirudisha kwenye sifuri. Leo wakati wa majaribio amepima jiwe la kilo ishirini, likasoma ishirini na nne. Danford akasema safi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepeleka malalamiko mjini, ofisi ya usuluhishi. Bariadi nzima imejaa vumbi na mabango ya harusi. Fomu ndefu. Sehemu ya aina ya ubaguzi nimeandika "ulemavu". Mkono ulisita. Miaka mitatu nachechemea na sijawahi kuliandika neno hilo juu yangu mwenyewe. Nikaona aibu. Halafu nikaona hasira kwa nini nimeona aibu, nikalikoleza kwa kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Mpokea fomu akauliza nataka nini. Kiti changu, nikasema. Kabla ya Ijumaa tarehe 2 Mei, siku msimu unafunguliwa. Akauliza, basi? Basi.

Mama amenuna. Anasema Bundala ni mtoto wake. Si maneno ya bure: Mama anamzidi miaka minane, na msimu wa kupalilia yeye ndiye aliyembeba Bundala mgongoni wakati mama wa Bundala akiwa shambani. Utamshitakije mtu niliyemfuta kamasi, ng'wanone, mwanangu?

Nikamwambia, ungemfuta vizuri zaidi.

Amekataa kula na mimi.

Jumatatu, 14 Aprili

Kikao cha kwanza. Msuluhishi wetu anaitwa Bwana Kasmiri. Shati jeupe, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Akafungua kitabu cha sheria akasoma kwamba mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Safi sana! Nikakaa wima. Halafu akakifunga kitabu, akakisogeza pembeni kama sahani ya mtu aliyeshiba, akasema: lakini sisi wote hapa ni familia moja.

Familia! Mimi ukoo wa Kasmiri siujui hata kwa kusikia.

Mwenyekiti hakuja. Ana ng'ombe wanaoga dawa. Kikao kimeahirishwa kwa ajili ya ng'ombe. Danford amesaini posho na kuondoka na chupa mbili za maji, yake na ya mwenyekiti.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Baada ya misa amekuja Debora nyumbani. Nilikuwa kwenye benchi nje, mguu nimeunyoosha. Binti akapiga magoti hapo hapo, kwenye majivu ya jikoni, na gauni la sikukuu!

Inuka, wewe! Unanipigia mimi magoti?

Wewe ni dada yangu mkubwa, akasema. Halafu akaanza kulia. Ati tangu ile Ijumaa mizani inamdanganya, ati wakulima wakija na pamba watamchapa. Ati hakukiomba kiti. Danford alimwambia tu kaa.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka mwisho wa msimu. Imekuwa ngumu, ana majivu kwenye gauni. Nikamweleza kitufe cha sifuri, na uzito wa gunia tupu unavyotolewa. Nimemfundisha nusu. Nusu nyingine nimebaki nayo. Mimi si malaika, na yeye bado amekalia kiti changu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimepanda rundo. Nimeteleza. Kiwiko kimechubuka, goti limesalimika.

Danford amekuja mbio. Ameuliza kama kuna magunia yaliyochanika.

Alhamisi, 24 Aprili

Kikao cha pili. Leo mzee Bundala alikuja, na fimbo, na kofia ya safari. Nikamwamkia nimesimama, mikono miwili, kichwa chini. Akamgeukia Kasmiri: unaona?

Kasmiri akatutenganisha. Mimi chumba hiki, wao kile, yeye katikati anapita na maneno kama mtu anayeuza karanga. Alipokuja kwangu mara ya kwanza alisema mzee hana kinyongo. Mara ya pili, mzee anahitaji tu ishara. Ishara gani? Ya heshima. Nikamwambia, nimemheshimu misimu minne, hakuna mkulima aliyewahi kurudi na gunia akisema nimempunja. Hiyo si ishara?

Mara ya tatu akaingia anang'aa. Katibu ana wazo. Uletwe mto! Mto juu ya kigoda, mimi nilalie kigoda kwa goti zima, mguu ule mwingine niunyooshe nyuma. Mara moja tu, ndani ya chumba hiki, mlango umefungwa, halafu kiti nirudishiwe.

Nilimtazama. Mtu amesoma sheria, ana cheti ukutani, na ametembea hatua kumi na mbili kuniletea mto.

Nikamwuliza: hayo malalamiko yangu yanasemaje? Akasema yanasema kwamba wamekuhamisha kwa sababu huwezi kupiga magoti. Na suluhu yako? Akasema, tukishindwana hapa shauri litakwenda kwa mwamuzi, dada Milembe, na huko ni miezi. Msimu utakuwa umekwisha. Mimi nakusaidia.

Naamini anaamini hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nimekataa. Akaandika "pande zinaendelea kuzungumza". Kikao cha mwisho Jumanne. Akaniomba nije na mtu wa familia, mtu mzima, mwenye busara.

Jumapili, 27 Aprili

Mama amesema atakuja. Amefua kitenge chake cha ekaristi, kile cha kanisani. Nimemwambia ukae tu, usiseme kitu. Amesema sawa haraka mno.

Jumanne, 29 Aprili. Kwenye benchi, nje ya chumba cha kikao

Nina dakika kumi. Kasmiri kanipa karatasi nisome na kalamu ya kusainia. Kusoma nimeshasoma. Acha niandike sasa hivi, nisije nikasema baadaye kwamba ilikuwa vinginevyo.

Tulikaa vizuri. Mzee Bundala upande wa dirisha, Danford pembeni na simu yake. Kasmiri akasema leo tuna mama yetu, tumsikilize. Mama akasimama. Nilidhani anataka kueleza habari ya kumbeba Bundala mgongoni. Nilimngojea kwa hamu, walahi! Miaka yote ananieleza mimi, leo amweleze mwenyewe.

Akakunja kitenge, akashuka. Goti moja, halafu la pili. Mama yangu! Miaka sabini na sita, mbele ya mtu ambaye yeye alimfuta kamasi. Akasema kwa Kisukuma: baba, msamehe mwanao, mguu wake umekufa, mimi nimeleta ya kwangu.

Nilimtazama Bundala. Nilisema moyoni, sasa ataona aibu, sasa ataruka kwenye kiti amwinue. Hakuruka. Alifunga macho kidogo, kama mtu aliyewekewa maji ya moto miguuni baada ya safari. Akamwambia Mama: yamekwisha, dada Felisita.

Danford akapiga makofi. Makofi! Kasmiri akafuta macho, sijui jasho, akaanza kuandika upesi.

Na Mama bado yuko chini. Hakuna aliyekumbuka kwamba kushuka ni kitu kimoja na kuinuka ni kingine. Akaninyooshea mkono nimwinue. Nikainama mpaka pale ninapofika, vidole vyetu havikukutana. Mimi siwezi kushuka, yeye hawezi kupanda, na wanaume watatu wazima wanasoma karatasi. Basi akajiburuza hadi kwangu, akaukumbatia mguu wangu wenye chuma kama mtu anavyoshika nguzo ya zizi, akajivuta, mkono juu ya mkono, mpaka akasimama. Mguu haukuyumba. Akanong'ona: una nguvu huu.

Karatasi inasema hivi. "Mlalamikaji, kupitia kwa mzazi wake, amekiri kukosa heshima na kuomba radhi kwa namna inayokubalika kimila. Chama kinamrejesha kwenye nafasi ya karani wa mizani kuanzia tarehe 2 Mei. Malalamiko ya ubaguzi yameondolewa." Nafasi ya saini yangu. Nafasi ya dole gumba la Mama. La Mama limeshawekwa, bado halijakauka.

Kwa hiyo kiti kipo. Keshokutwa Mei Mosi, Ijumaa nimekaa. Ndicho nilichoomba kwenye fomu, neno kwa neno, wala sikuomba zaidi. Nikikataa, narudi stoo, na Mama atakuwa amepiga magoti bure. Nikikubali, nimekiri. Na msimu ujao Danford atakuwa na karatasi yenye mhuri inayosema kwamba goti lisilokunjika ni kosa, na kwamba kosa hilo nimeliungama mwenyewe.

Kasmiri hakunidanganya popote. Kila neno lake ni la upole. Ningempata mahali alipodanganya ningepumzika kidogo.

Mama ameketi hapa kando yangu, anasugua magoti yake kwa viganja. Ana furaha. Anasema jioni atachinja jogoo. Anaona nimepata kazi, na anaona ni yeye aliyenipatia. Nimwambieje?

Ameuliza naandika nini siku zote kwenye hili daftari. Nimemwambia, mayu, naandika ulivyosimama. Amecheka, ameficha mdomo kwa kitenge.

Mlango umefunguka. Bwana Kasmiri anachungulia, anatabasamu, anasema dakika kumi zimeisha, wazee wanasubiri, na kalamu ile ni ya ofisi.

Nimemwambia bado naitumia.