Njia ya Maua Inayopita Chini ya Mlima Alikozikwa Binti Yangu

Mpendwa Shangazi Qiu, naomba msaada wako kabla sikukuu ya Qingming, siku ya kufagia makaburi, haijafika, maana tukishaingia barabarani itakuwa nimechelewa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi hapa Nanchang na mume wangu Yunfeng, mama yake mzazi, na mtoto wetu wa kiume anayeanza kutembea, tunamwita Tuanzi. Watu wakiniuliza nina watoto wangapi nasema mmoja, kwa sababu ndivyo ninavyotakiwa kusema mama mkwe akiwepo, na mama mkwe yupo kila wakati, lakini ukweli ni kwamba Tuanzi alikuwa na dada yake, akafa kwa homa ya uti wa mgongo kabla Tuanzi hajazaliwa, hata shule alikuwa hajaanza, na mpaka leo sijui amelala wapi.

Unazijua mwenyewe desturi za watu wa milimani kwa kina mume wangu, mtoto akitangulia kufa mbele ya wazazi haingii kwenye makaburi ya ukoo, hawekewi jiwe, wala wazazi hawaendi kumfagilia kaburi siku ya Qingming kwa sababu mkubwa hamwinamii mdogo, na mama ndiye haambiwi kabisa mahali penyewe. Basi ami yake Yunfeng ndiye aliyepanda naye mlimani nyuma ya kijiji chao, Yunfeng akaruhusiwa kuendesha gari tu na kubaki chini, na mimi nikabaki mjini nimeshikwa mikono na wifi zangu wawili. Nilipouliza amewekwa wapi, mama mkwe alinijibu, "Pazuri. Sasa tia kitu tumboni."

Mwaka jana alinikuta nalia bafuni, akaniambia bila kupandisha sauti, "Yule alikuja kudai deni la maisha yaliyopita, amelipata, kaenda zake. Wewe endelea kumlilia, atakusikia arudi, na akirudi hatarudi mikono mitupu, atamchukua huyu." Shangazi, tangu siku ile Tuanzi akikohoa tu yule mama hamtazami mtoto, ananitazama mimi, na mimi mwenyewe nimeanza kujitazama hivyo hivyo.

Sasa mwaka huu nimepanga safari. Siku hizi za sikukuu magari madogo yanapita bure kwenye barabara kuu, kwa hiyo nikasema twende siku mbili Wuyuan tukaone maua ya njano kwenye matuta, nimeshapata chumba kwenye nyumba ya wageni kando ya mto, nimejua tutachaji gari wapi kukwepa foleni, na mama mkwe amefurahi mpaka kamnunulia Tuanzi kofia ya majani ya kupigia picha. Kila mtu anadhani nimepona. Hakuna anayejua kwamba ile njia ndogo niliyoichagua, ninayoisifia kila siku kwa mandhari, inapita chini ya kijiji cha ami, na nia yangu ni tukifika pale niseme tumbo limenichafuka, nishuke, nipande ule mlima peke yangu nimtafute mwanangu.

Tatizo ni Yunfeng. Juzi mezani akasema, "Twende Xiamen baharini. Huko kwenye maua tutaona migongo ya watu tu."

Nikamwambia, "Bahari ya mwezi wa nne, na baridi ile, utamwogesha nani, samaki?"

Mama yake akaingilia, "Hebu mwache mkeo. Hii safari ndiyo akili ya kwanza kuiona kwake tangu amzae huyu mtoto."

Yunfeng akainuka akaenda kuosha vyombo, kazi ambayo haifanyi, na mimi nikabaki nachemka, kwa sababu nyumba hii hakuna aliyelia isipokuwa mimi, yeye hata siku aliyorudi kutoka mlimani aliuliza kama kuna chai. Na ndivyo alivyo, hajali kitu, kila mwaka sikukuu ikikaribia anaaga kwamba anakwenda kuosha gari, anapotea siku nzima, anarudi nalo limejaa matope kuliko lilivyotoka na maua ya njano yamenasa kwenye waipa, nikimuuliza anasema foleni ilikuwa ndefu. Mwaka juzi nilidhani ana mwanamke, nikanusa mpaka viti. Hakukuwa na harufu ya mwanamke, ni uzembe wake tu, mtu mzima hata kuosha gari hawezi.

Shangazi, niwadanganye wote niende, au niache? Naogopa nikimwona mmoja nitampoteza wa pili, lakini nikipita pale chini bila kushuka, nahisi sitakuwa mama wa yeyote kati yao.

Asiye na pa kufagia, Nanchang

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaenda dirishani, nikarudi. Pole sana. Hakuna mzazi anayestahili kuulizia kaburi la mwanawe kama anayeulizia duka lililohama. Hiyo ndiyo pole yangu, na ni ya kweli. Sasa nyamaza nikugombeze.

Tuanze na kikohozi. Majira haya ya mvua nusu ya watoto wa Nanchang wanakohoa, na dada zao wako hai, wanacheza nao. Mpeleke kwa daktari, mpe maji ya uvuguvugu, na usimruhusu mtu yeyote, hata awe na mvi kiasi gani, akuambie kwamba binti yako wa miaka michache ni mwizi wa watoto. Alikuwa mtoto, akaugua, akafa. Mama mkwe wako alifundishwa maneno hayo na waliomtangulia, na huenda aliyaamini ili aweze kulala. Simtetei. Nakuambia tu uache kuyabeba, hayakuhusu.

Halafu huo mpango wako. Umepanga chumba, chaji na njia, na hukupanga jambo moja la maana: mlima hujui ni upande gani wa kupanda. Utashuka ukijishika tumbo, utazunguka kwenye vichaka vilivyolowa, na kila kichuguu utakidhania ni yeye. Utarudi kwenye gari umeumia kuliko ulivyotoka, na bado utatakiwa utabasamu kwenye picha. Huko ni kujitesa, binti yangu, na umekwishateswa vya kutosha.

Na Yunfeng. Wewe umenusa viti vya gari, hongera, lakini macho uliyaweka wapi? Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba mumeo kila mwaka hutoka kabla ya Qingming, hupotea siku nzima, hurudi na matope ya shamba na maua ya njano. Mjini Nanchang ni wapi wanapooshea magari kwa matope? Mimi simjui mumeo na huenda nakosea. Ikiwa nimekosea na kweli kuna mwanamke, basi ana shamba, na utamjua. Lakini nadhani yule bwana anapanda mlima ule peke yake, mahali desturi ilipomkataza kukanyaga, na hakuambii kwa sababu anaogopa ukijua utaomba kwenda, na ukienda Tuanzi atakohoa. Kakwambia twende Xiamen kwa woga huo huo unaokutafuna wewe. Mmelala kitanda kimoja miaka yote hii mkifichana mtoto mmoja.

Kwa hiyo usimdanganye mtu. Kabla ya safari mwombe akutoe na gari, ninyi wawili tu, mtoto abaki na bibi yake. Mwambie akiwa anaendesha, maana wanaume wengi husema vizuri wakiwa na barabara ya kutazama. Usimuulize kwa nini alikuficha, hilo litawachukua miaka na mnayo miaka. Muulize ni wapi. Akilia, mwambie asimamishe gari pembeni.

Mkifika Wuyuan, bibi na mjukuu wabaki na maua yao na kofia yao. Ninyi wawili mwende. Akiuliza mnakwenda wapi, ajibu Yunfeng, ni mama yake. Vaa viatu vinavyoshika, njia za huko zinateleza baada ya mvua. Msichome pesa za karatasi za wafu, majira haya moto umekatazwa milimani, na mtoto wa umri ule hana haja na pesa za ahera. Mpelekeeni maandazi ya kijani ya sikukuu, au chochote alichokuwa akikipenda kuliko chakula chenu. Na ujiandae: hapana jiwe, mvua zimepita nyingi, huenda mkakuta majani tu na Yunfeng akasimama hana uhakika, hatua tano huku, hatua tano kule. Usimkaripie. Kaeni hapo alipokisia. Hakuna atakayekuja kuwaambia kwamba mmekosea.

Jambo la mwisho. Umenitajia Tuanzi, umenitajia mumeo, mji, mto, hata Xiamen ambako hamwendi. Binti yako hukumtaja jina hata mara moja. Mimi usiniandikie jina hilo, si mimi ninayepaswa kulisikia. Litaje kwa baba yake, humo garini, kwa sauti yako ya kawaida, kama unayemwita aje kula.

Shangazi Qiu